Kabla hujaita kijiko (mtambo wa kuchimbia) kubomoa nyumba ya zamani, pitia hapa kwanza: uzi wa vifaa vya ujenzi vya mtumba

fundi_kenchi

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Kila wiki humu mtu anauliza bei ya bati na nondo, tunalia wote kwamba vifaa vimepanda, afu wiki hiyohiyo napita Kariakoo nakuta nyumba ya zamani, milango ya mninga, kenchi za kubebea paa za mbao ngumu ambazo saivi kuzipata mpaka uwe na roho ngumu na wewe, inasukumwa na kijiko asubuhi moja imeisha, mchana lori limeshabeba kila kitu kwenda kufukia korongo la mtu huko Goba. Mi kazi yangu ni kuezua na kubomoa kwa mkono. Nanunua nyumba kwa kubomoa, yaani tunaelewana na mwenye nyumba, namlipa kidogo, vifaa vinakuwa vyangu na yeye namwachia kiwanja cheupe. Kwaiyo naongelea kitu kinachonilisha.

Najua mtasema mbona huku kutumia tena tunatumia sana, bati la nyumba kubwa linaenda banda la kuku, likitoboka zaidi linakuwa ukuta wa bafu la nje. Sawa. Ila angalieni vizuri, kila tukikihamisha kitu kinashuka cheo. Mlango unakuwa meza ya genge, kenchi inakuwa kuni, tofali linakuwa kifusi. Hela ipo pale mlango unapobaki mlango na kenchi inapobaki kenchi, na hilo linaamuliwa siku ya kubomoa. Ukikosea siku hiyo hakuna fundi wa kukirudisha.

Utaratibu ni kinyume cha kujenga. Umeme kwanza, aje mtu wa TANESCO akate kwake, sio kijana wako apande na plaizi. Kisha maji, masinki, mabomba. Halafu milango na madirisha, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanang'oa mlango wanaacha fremu ukutani. Mlango wa zamani bila fremu yake ni mzigo, upana na urefu wa zamani haufanani na wa saivi, mnunuzi atakuja kuuchonga na randa mpaka uishe. Chimba plasta pembeni na tindo, kata vile vyuma vinavyoishikilia fremu ukutani, inatoka nzima. Dari inafuata. Bati unaanza na kofia ya kilele cha paa unashuka, msumari unang'olewa na mtarimbo mdogo huku umeweka kipande cha ubao chini yake usije ukaupondaponda mgongo wa bati. Papi (mbao za kupigilia bati), kenchi, halafu ndo ukuta. Nondo mwisho kabisa.

Kijiko kinamaliza siku moja, sisi wiki au mbili kutegemea nyumba. Hapo ndo ugomvi ulipo, mwenye kiwanja ana haraka, mkandarasi kashalipwa. Wakati wa ile bomoabomoa ya barabara ya Morogoro 2017, Kimara mpaka Kiluvya, waliokubali mapema kwamba alama ya X ya kubomolewa haifutiki wakaezua wenyewe, waliondoka na bati na mbao na madirisha wakaenda kuanza upya kwingine. Waliosubiri mpaka mtambo ufike waliokota vipande. Sisemi walikosea, watu walikuwa na kesi na matumaini yao, nasema tu bati halina habari na kesi.

Nitaendelea na kifaa kimoja kimoja, maswali ruksa.

Chaga la Pili

Siti ya mbele. Shusha mkuu.

mama_jiko_Mbagala

Asante kaka kwa uzi. Mimi swali langu ni dogo, nimenunua mlango wa mtumba wa mninga, una rangi za zamani zimepandana kama tabaka nne hivi, fundi anataka kuupiga msasa sebuleni. Nina watoto wadogo.

fundi_kenchi

Dada mtoe huyo fundi nje na mlango wake. Rangi za mafuta za zamani nyingi ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake likiingia kwa mtoto linaharibu ubongo, sio utani. Asipige msasa mkavu na asiunguze kwa moto wa gesi, moshi wake nao ni sumu. Aulowanishe, akwangue na kikwaruzo (zipo dawa za kulainisha rangi madukani), maganda yakusanywe kwenye mfuko, watoto wakae mbali mpaka pafutwe kwa maji. Ukimaliza kuusafisha huo mlango utanishukuru, mninga ukishakauka miaka yote hiyo umetulia, haupindi wala kuvimba ovyo mvua ikija. Hiyo ndo sababu mbao kuukuu ya mti mgumu inaweza kuwa bora kuliko mpya iliyotoka msituni mwezi uliopita bado mbichi.

Ila mbao zote sio sawa, na hili naomba msomaji alishike. Mbao za kenchi za miaka ya karibuni ni paini, nyingi zinatoka mashamba ya huko Mafinga, zimetiwa dawa ya mchwa, zile zenye ukijani. Dawa hiyo iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Kutumia tena kwenye paa haina shida kama haijaoza wala kupasuka. Lakini USIPIKIE. Naona kina mama wanaokota vipande kwenye saiti zetu kwa ajili ya kuni na najaribu kuwazuia wananiona mchoyo. Ukiichoma, aseniki inakaa kwenye moshi na kwenye majivu, na majivu hayohayo mtu anayamwaga kwenye mchicha.

mama_jiko_Mbagala

Mungu wangu. Ya kijani ndo inayowaka vizuri jamani.

Bwana Slabu

Uzi mzuri ila wataalamu wa humu mnatisha watu sana. Mi nyumba yangu ya ghorofa moja nimemwaga zege la juu kwa nondo za mtumba, za kubomolewa, tulizinyoosha tukafunga ringi tukamwaga. Miaka inaenda, hakuna ufa. Nusu bei. Mbona haijaanguka?

Injinia wa Kitaa

Mkuu Bwana Slabu kwa heshima kabisa, hilo la mbona haijaanguka sio kipimo. Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndo pana watu kufa.

Zege ni gumu ukiligandamiza lakini ukilivuta linakatika kama biskuti, ndo maana tunaweka nondo upande wa chini wa slabu, kazi yake ni kubeba huo mvuto. Na nondo nzuri ikizidiwa haikatiki ghafla, inavutika kwanza. Slabu inabonyea, nyufa zinaonekana, milango inaanza kugoma kufunga, watu wanapata muda wa kutoka. Uwezo wa kuvutika ndo uhai wako. Sasa nondo iliyofumuliwa kwenye zege kwa nyundo, ikakunjwa, ikabebwa, ikanyooshwa tena kwa baridi, pale ilipokunjwa imeshautumia ule uvutikaji wake. Kwa macho imenyooka, kwa ndani imeshakakamaa. Ikizidiwa, inakatika bila kuaga. Ongeza kutu, nondo ya milimita 12 ikiliwa na kutu sio 12 tena na hesabu yote ya mhandisi imebadilika. Ongeza kwamba hujui daraja la chuma chenyewe maana ile lebo ya kiwandani ilishapotea.

Dar tunajua jengo likianguka linafananaje. Machi 2013 mtaa wa Indira Gandhi watu 36 walikufa. Kariakoo Novemba 2024 wote tuliona. Sisemi hata kidogo kwamba yale yaliangushwa na nondo za mtumba, nasema kwenye nguzo, boriti za zege na slabu hatubahatishi.

Kwaiyo nondo ni kitu ambacho mi nakubali kishuke cheo. Peleka skrepa, viwanda vya humu nchini vinayeyusha chuma chakavu na kutoa nondo mpya ambayo inapimwa upya. Au ifanye grili, nguzo za uzio, hapo hakuna mtu juu yake. Kama unang'ang'ania lazima iingie kwenye jengo, kata vipande ukavivute maabara ya vifaa, na utakuta gharama ya kupima kwa nyumba ya kawaida imemeza faida yote.

Bwana Slabu

Sasa mzee unataka nibomoe?

Injinia wa Kitaa

Hapana, tafuta mhandisi wa miundo aje aone na michoro yako kama ipo. Na kwa sasa lile simtanki la lita 5000 uliloweka juu, kama lipo, lishushe uliweke kwenye mnara wake pembeni.

Bwana Slabu

Umejuaje lipo 😂

Mwana wa Forodhani

Asalaam aleykum. Mimi niongeze la kwetu Unguja maana naona mnazungumza nyumba za saruji tu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari lake boriti za mikoko. Boriti zile zilikatwa Rufiji na kule Lamu, na majahazi yakazibeba mpaka Ghuba huko Uarabuni, nyumba za zamani za huko upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, basi ukiingia utaona vyumba virefu vyembamba. Kwetu hivyo hivyo.

Nyumba ya namna ile ikichoka haifi yote. Chokaa ni laini kuliko jiwe. Ukigonga, chokaa inaachia na jiwe linabaki jiwe, unalisafisha unalijengea tena. Boriti ikioza kichwa pale inapoingia ukutani unakata kichwa, unaipeleka chumba chembamba zaidi. Mafundi wa zamani wakifanya hivi bila semina ya mtu. Aliyeharibu mchezo ni saruji. Mtu anakuja anaziba ukuta wa chokaa kwa plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaoza ndani, na siku ya kuvunja jiwe linavunjika kabla saruji haijaachia.

Na milango ya kuchonga jamani, msinunue kwa dalali wa usiku. Mji ule uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na pana mamlaka yake, mlango ukitoka kwenye nyumba yake ndani ya Mji Mkongwe bila idhini huo si mtumba, huo ni wizi.

Injinia wa Kitaa

Mwana wa Forodhani umegusa penyewe. Hata Ulaya wamegonga ukuta huohuo. Denmark tofali za kuchoma za nyumba za zamani sana zilizojengwa kwa chokaa wanazisafisha moja moja zinauzwa tena. Za kuanzia miaka ya 60 walianza saruji, hazitoki. Kopenhagen kuna nyumba zinaitwa Resource Rows za wasanifu wa Lendager, zilikamilika 2019, wao waliamua kutozitenganisha kabisa hizo tofali, wakakata ukuta kwa msumeno vipande vya mraba, tofali zikiwa zimeshikana na saruji yake, wakavipanga kama viraka kwenye ukuta mpya. Ukiangalia picha unaona kabisa viraka vya rangi tofauti, na panapendeza.

Kwa tofali zetu za bloku za nchi 6 sioni hiyo ikilipa, crane peke yake itakufilisi. Bloku ikijengewa kwa saruji kali, zinazotoka nzima ni chache na zilizobaki ni kifusi. Hicho kifusi nacho ni mali ukikijua. Kipasue, kiweke chini ya jamvi (sakafu ya zege) kikashindiliwa badala ya mawe ya kununua. Toa vipande vya mbao vyote, mbao ikizikwa chini ya nyumba ni kuwaita mchwa kwa barua. Toa jipsamu yote ya dari, ile ina salfeti, ikikutana na unyevu inalishambulia zege taratibu. Kutengenezea zege jipya kwa kokoto za kifusi inawezekana kwa vitu vyepesi kama njia za miguu, ila zinakunywa maji sana kwa sababu ya saruji ya zamani iliyoganda juu yake, fundi ataona mchanganyiko mkavu ataongeza maji na hapo zege limeisha nguvu. Zilowanishe kabla.

Msee wa Eastlando

Sasa nyinyi watu wa Bongo mko na bahati mnaongea milango ya mninga, huku Nairobi mali ya kwanza ni mabati. Mtu wa Mukuru ama Mathare nyumba yake ni mabati na fito, na ikibomolewa anabeba hizo mabati kwa mkokoteni anaenda kuinua keja ingine. 2024 baada ya mafuriko serikali ilipobomoa nyumba za kando ya mito, kitu watu walikimbilia kuokoa baada ya watoto na godoro ni mabati. Hiyo ndio akiba.

Shida ya huku ni kununua mabati iko na mashimo kila mahali. Fundi wangu huipanga upya ndio mashimo ya zamani yakae juu ya mgongo wa wimbi, si kwa bonde penye maji inapita, halafu anapiga misumari iko na mpira papo hapo kwa shimo la zamani. Ukipiga mpya kando unakuwa na mashimo mbili.

Na polisi. Beba vyuma usiku uone. Januari 2022 baada ya milingoti ya stima kuangushwa na nchi kuwa giza, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu mpaka mwezi wa tano hivi, watu wa jua kali waliumia na hawakuwa wameiba kitu. Karatasi ni muhimu.

fundi_kenchi

Karibu sana jirani. La mashimo kwenye mgongo ni sahihi kabisa. Niongeze, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwaiyo bati la zamani la geji 28 lenye mashimo kumi linaweza kukuzidi umri geji 32 jipya linalong'aa. Liinue kwenye jua ulitazame kwa chini, mwanga ukipenya kama nyota sehemu nyingi, hilo acha. Poda nyeupe sio mbaya sana, ni zinki inalika, ila wekundu ukianza kuchimba ni kuhesabu masika tu. Bati la pwani karibu na bahari usilinunue bila kulipindua.

Karatasi: kila nyumba ninayobomoa nina maandishi ya mauziano na mwenye nyumba, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi, kibali cha kubomoa kutoka halmashauri anakishughulikia yeye mwenye nyumba, na picha za nyumba ikiwa imesimama. Mteja akiuliza dirisha limetoka wapi namwonyesha limo ukutani. Hizo picha zinaniuzia kuliko hata maneno.

Mwalimu wa Kijijini

Shule yetu ina majengo ya zamani sana, paa sio bati la kawaida, ni kama sementi ya kijivu yenye mawimbi makubwa, nzito. Kamati inataka kuezua iweke bati mpya, na kuna mtu ameomba kuzinunua zile akaezekee mabanda. Zinaonekana imara bado. Mnashauri?

fundi_kenchi

Mwalimu simamisha kila kitu. Hiyo kuna uwezekano mkubwa ni asbesto. Mi mwenyewe nyumba yenye paa hilo siichukui hata bure. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, ukizivuta zinakaa kwenye mapafu na saratani inakuja miaka mingi baadae, hata 20 au 30. Ikiwa imetulia juu na haijapasuka haina fujo, hatari ni kuivunja, kuitoboa, kuikata na grenda. Msiiuze. Hamishieni watoto majengo mengine, wasilianeni na halmashauri na watu wa NEMC (baraza la taifa la mazingira), inashushwa nzima nzima ikiwa imelowanishwa, inafungwa na kufukiwa panapokubalika.

Mwalimu wa Kijijini

Nashukuru sana. Vijana walishapangwa Jumamosi. Napiga simu sasa hivi.

Mlinzi_wa_Portland

Niko Oregon Marekani, nimefanya hizi kazi. Jiji la Portland tangu 2016 lina sheria, nyumba ikiwa imejengwa 1916 au kabla haupewi kibali cha kuisukuma na mashine, lazima ifumuliwe kwa mkono, baadae wakasogeza mpaka za 1940. Mbao za nyumba hizo ni za miti mikubwa ambayo haipo tena. Na kuna maduka ya ReStore ya Habitat for Humanity, unaingia unakuta milango, masinki, taa, vigae vilivyobaki kwa mtu, vyote na bei yake, unachagua kama supamaketi. Kinachofanya iende ni kwamba kuna pa kuhifadhi. Huko nyumbani shida sio ujuzi wa kubomoa, ni stoo. Fundi anabomoa leo, mnunuzi anatokea mwezi ujao, katikati hapo mvua inanyesha juu ya mbao.

fundi_kenchi

Umeona mbali kaka. Nusu ya mbao zangu nzuri nauza kwa hasara kwa sababu sina pa kuzilaza. Kiwanja cha kukodi mjini kinakula faida yote, nje ya mji mteja hafiki.

Chaga la Pili

Sasa sisi tunaojenga saivi tufanyeje ili huko mbele isiwe kifusi?

Bwana Slabu

We nawe, unajenga nyumba huku unafikiria kuibomoa, huo si uchuro?

Injinia wa Kitaa

Uchuro ni pale mtoto wako akitaka kubadilisha dirisha anavunja ukuta mzima. Kenchi funga kwa bolti na nati badala ya misumari ya nchi 6 iliyokunjwa. Bati tumia skrubu zenye mpira. Grili ifungwe kwenye fremu, isichimbiwe kwenye ukuta. Mabomba na nyaya zisizikwe kwenye zege. Ukuta usiobeba mzigo hauhitaji saruji kali, lakini usipunguze saruji kwenye kinachobeba halafu useme Injinia kasema. Uwanja wa 974 wa Qatar, ule wa makontena wa Kombe la Dunia 2022, ulitengenezwa kwa mtindo huohuo ili uweze kufunguliwa ukahamishwe. Kombe liliisha na ukaendelea kusimama palepale, kwaiyo kufunguka sio lazima ufunguliwe kesho.

Bwana Slabu

Tanki nimeshusha. Vijana wamelia na uzito wake.

mama_jiko_Mbagala

Fundi kenchi una milango mingine? Nataka wa chumbani.

fundi_kenchi

Ipo dada, ila nipimie tundu la ukuta kwanza, upana na urefu, kutoka tofali mpaka tofali sio plasta mpaka plasta. Nitumie inbox nikuangalizie wenye fremu yake.

Chaga la Pili

Na madirisha ya nako, yale ya vioo vya vipande vipande, unachukua? Bi mkubwa anabadilisha yote anaweka aluminiamu.

fundi_kenchi

Nachukua, fremu na vioo vikiwa vizima. Usiache mafundi wa aluminiamu wavitoe kwa nyundo. Zile klipu za kushikia vioo watu wa kota za zamani wanazitafuta sana maana madukani ni shida, hata zikiwa na kutu kidogo naziosha. Bi mkubwa yuko wapi?

Chaga la Pili

Magomeni. Mafundi wanakuja kesho saa mbili.

fundi_kenchi

Saa moja na nusu niko hapo. Nitumie ramani.